Kuni Haziibiwi, Zinaliwa na Mlango

Ndugu Mhariri,

Nakuomba nafasi katika gazeti letu la chama nipate kujibu tangazo lililobandikwa katika ubao wa kambi yetu. Jina la kambi silitaji, wala la kontrakta anayeisimamia, maana najua kambi zenye jambo kama hili si moja. Mimi ni mtu wa njia. Kazi yangu ni mataruma na kokoto, si moto. Lakini jioni naoga maji yale yale wanayooga wenzangu, na yule anayeyachemsha ni mwanachama anayelipa ada kama mimi.

Tangazo, kwa ufupi, lasema hivi: kuni za boila zinakwisha mapema kuliko zamani. Lori moja lililokuwa likitosha mwezi mzima sasa halimalizi wiki ya tatu. Kwa hivyo wachochea moto wetu wawili wanashukiwa kuuza kuni nje ya ua, na hesabu isipopatikana mwisho wa mwezi watakatwa mshahara. Basi. Halikuuliza swali hata moja. Aliyeliandika hakutoka ofisini hatua hamsini kwenda kuitazama boila yenyewe.

Mimi nimeitazama, na wenzangu kumi na zaidi wameitazama pamoja nami. Kuni haziibiwi. Zinaliwa na mlango.

Kwa ndugu ambao kambini kwao hakuna chombo hiki, nieleze kidogo. Huko mashambani na katika mahoteli ya porini wengi hukiita busta ya kuni. Sisi twasema boila. Husimama nje, nyuma ya jiko, chini ya mabati machache. Ni tangi la chuma, na ndani ya tangi kuna chumba cha moto ambacho maji yamekizunguka juu na kando. Moshi hutoka kwa bomba refu nyuma. Mbele pana mlango mzito, na mlango huo ndio upande usio na maji ya kuupoza. Chini kuna tundu dogo la hewa lenye kifuniko chake. Maji yakipata moto wa kutosha, kifuniko hufungwa, moto unasinzia, kuni zinalala mpaka maji yaanze kupoa. Hiyo ndiyo akili yote ya boila, hakuna nyingine. Nayo yategemea kwamba hewa isipate njia ila ile ya tundu.

Sasa mlango ukiwa unavuja, kifuniko cha hewa ni mapambo tu. Ufunge usifunge, moto wavuta pumzi pembeni mwa mlango usiku kucha. Mlango wetu una futi mbili kila upande, yaani mzunguko wake ni kama sentimita 240. Ukiacha ufa wa milimita 3 tu kuuzunguka wote, na milimita 3 ni unene wa sarafu mbili zilizobebana, umeacha nafasi ya sentimita 72 za mraba. Hiyo ni sawa na kutoboa katika mlango tundu la sentimita 8 kwa 9. Mkono wa mtu mzima waingia humo. Niambie, ni tajiri gani angekubali mtu atoboe tundu kama hilo katika mlango wa stoo yake, kisha amshike mlinzi kwa kupotea mali?

Na si kuni peke yake. Moto usiolala huchemsha maji hata wakati hakuna anayeyataka. Huku kwetu nyanda za juu maji huwahi kuchemka. Nairobi huchemka karibu digrii 94, si 100 kama pwani. Basi usiku wa manane boila inatoa mvuke kwa bomba la juu, maji yanapungua, na kama mchochea moto hakuamka kuongeza, chuma cha juu ya moto kinabaki kikavu. Chuma kikavu juu ya moto huungua, hupinda, halafu hutoboka. Siku hiyo watasema mchochea moto alilala. Watanunua boila mpya kwa fedha nyingi, na kisa chote kilikuwa kamba ya futi nane.

Naam, kamba. Kuzunguka mlango kwa ndani kuna mfereji, na ndani ya mfereji hulazwa kamba nene, siku hizi ya nyuzi za kioo, inayovumilia moto. Mlango ukifungwa, kamba yabanwa juu ya fremu na kuziba. Kamba hii si ya milele. Joto huikausha, komeo huilaza, lami ya moshi huigeuza kuwa ngumu kama mfupa. Kamba ikishakuwa mfupa haizibi kitu.

Kamba ya boila yetu imekuwa mfupa siku nyingi. Upande wa chini haipo kabisa, imebaki mabaki ya gundi. Bawaba ya juu imelegea, kwa hivyo mlango umeinama pembe moja. Tofali la moto lililokuwa likiulinda mlango kwa ndani limepasuka na nusu yake ilianguka jivuni. Tangu hapo moto unapiga chuma uso kwa uso na chuma kimeanza kupinda. Komeo limelika hata halishiki. Mnajua mlango unafungwa na nini? Unafungwa na waya, kisha unaegemezwa kipande cha reli kuukuu. Hii ni kambi ya watu wa reli, kwa hivyo labda wakubwa wanaona ni sawa.

Mchochea moto alimwambia nyapara. Nyapara, na namshukuru, alimwambia karani wa stoo. Karani alijibu kwamba kamba ya mlango haimo katika orodha ya vitu vinavyoagizwa. Vilivyomo ni kuni. Kuni zinaagizwa kwa lori bila neno, lakini kamba ya kuziokoa kuni haina fomu! Mimi nilisoma mpaka darasa la saba tu, lakini hesabu hii hata mtoto wa darasa la pili angeikataa.

Wako watakaosema mfanyakazi wa njia anajuaje mambo ya boila. Vema, basi tusiamini maneno yangu, tuulize mlango wenyewe. Iko njia rahisi inayojulikana popote watu wanapochoma kuni. Boila ikiwa baridi, chukua kipande cha karatasi, kiweke katikati ya mlango na fremu, funga mlango kama kawaida, kisha kivute. Kikikataa kutoka, au kikitoka kwa shida, kamba inabana. Kikitoka kama barua kwenye bahasha, hapo pana ufa. Fanya hivyo juu, chini, kando zote mbili, na karibu na kila bawaba. Tena nasema, wala sitanii: mkubwa wa kambi alete karatasi ya lile lile tangazo. Aifungie mlangoni mbele yetu sote, aivute mwenyewe. Upande wa chini hatahitaji hata kuivuta, itaanguka.

Usiku pia kuna dalili. Zima taa uchungulie kandokando ya mlango. Ukiona mwekundu wa moto, hewa inapita. Mchana tazama fremu: palipo na masizi meusi nje ya mstari wa kamba, moshi unatokea hapo. Na moshi huo una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Boila yetu ilijengwa nje ili hewa hiyo ipeperuke, lakini mvua zilipokuja, kontrakta aliziba pande tatu kwa mabati. Anayekaa mle ndani na kichwa kikamuuma kila alfajiri si mvivu.

Sasa niseme jambo ambalo lilinifanya nishike kalamu, maana lile la kuni ni la fedha, na hili ni la mwili wa mtu.

Kuni zikisinzia bila hewa hazikomi kutoa moshi. Chumba cha moto hujaa moshi mzito wenye mvuke wa kuni, na mvuke huo huwaka. Ukifungua mlango ghafla, hewa inaingia kwa wingi, na moshi ule wote unalipuka kwa mara moja na kutoka pale ulipo uso wako. Ndiyo sababu mchochea moto mwenye adabu ya kazi hufungua kwanza tundu la hewa, angoje dakika moja au mbili moshi upande bombani. Kisha hufungua mlango kwa upana wa vidole viwili tu, angoje tena. Halafu ndipo aufungue wote, akiwa amesimama upande wa bawaba, mlango uwe ngao yake. Wachochea moto wetu wanayajua haya yote. Lakini mlango uliofungwa kwa waya na kuegemezwa reli haufunguki kwa vidole viwili. Ukiondoa reli, unaanguka wazi wote. Mtu hana pa kusimama.

Mwenzetu mmoja kati ya wale wawili alichomwa namna hiyo. Nyusi zilikwenda, na ngozi ya mkono wa kulia ikatoka pamoja na mkono wa shati. Hakuwa na glavu. Glavu za ngozi aliahidiwa. Alikaa nyumbani siku nne, na siku hizo nne hakulipwa. Huyo ndiye leo jina lake limeandikwa ubaoni kuwa mwizi wa kuni.

Tulisomeshwa shuleni habari za Shadraka, Meshaki na Abednego. Mwalimu alitusimulia sana jinsi wale watatu walivyotoka katika tanuru bila hata nywele kuungua, nasi tukafurahi. Lakini iko habari nyingine mle mle ambayo mwalimu aliipita mbio. Wale watu waliotumwa kuwapeleka mpaka kinywa cha tanuru, miali iliwaua. Mfalme alikuwa ameamuru moto uzidishwe mara saba, wao wakasimama mlangoni kutimiza amri ya mwingine. Majina yao hayakuandikwa. Nikimwona mwenzetu na mkono wake uliofungwa bendeji, nawakumbuka hao kuliko wale watatu.

Wazee wa reli wangenielewa upesi. Reli hii ilipokuwa changa injini nyingi zilichoma kuni, zikapangwa marundo kando ya njia. Kazi ya mlango wa moto ilikuwa elimu nzima: hewa baridi ikiingia ovyo hupiga mabomba yaliyo moto, nayo huanza kuvuja, mvuke unapungua mlimani. Hakuna dereva aliyemwacha mtu acheze na mlango ule. Baadaye zilikuja injini kubwa za mafuta kama zile 34 za aina ya 59, zilizoletwa mwaka 1955 na 1956, kisha dizeli zikachukua kazi yote. Nenda Makumbusho ya Reli pale Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, utazame vyumba vya moto vya injini zile. Utaona bawaba na komeo vilivyofanywa na watu waliojua kwamba mtu fulani atasimama pale mbele. Watu wa reli wa leo tunafunga kwa waya.

Wakubwa wana majibu yao, nayo nimeyasikia. La kwanza ni kwamba wachochea moto wenyewe ndio wanaouharibu mlango. Hapa sitawaficha wenzetu. Wako wanaoufunga kwa teke. Wako wanaosukuma gogo refu kwa mlango mpaka liingie, na mchezo huo huvunja tofali na kupinda bawaba. Wako wanaoacha jivu lijae mpaka kizingitini, likaguguna kamba ya chini. Mambo hayo ni mabaya na tuyakome. Gogo likatwe kabla ya kutiwa, jivu litolewe kila asubuhi, mfereji na fremu zikwanguliwe lami kila wiki. Lakini ni nani aliyeleta magogo marefu kuliko chumba cha moto na asilete msumeno? Na ni nani anayeleta mikaratusi iliyokatwa juzi, bado inatoka maji? Kuni mbichi hazitoi joto, hutoa lami, na lami ndiyo inayogandisha kamba kwenye fremu hata ikichanika mlango ukifunguliwa. Kuni zapasa kupasuliwa na kupangwa chini ya paa, zipitiwe na upepo miezi sita au zaidi. Mchochea moto haweki oda ya lori.

La pili ni kwamba hakuna nafasi ya kuizima boila, maana watu wanataka maji kila siku. Hili ndilo linalonikasirisha. Sisi tunaooga ndio tunatajwa kuwa sababu ya mwenzetu kuungua! Nani alituuliza? Tutaoga maji baridi Jumapili moja, tena kwa furaha. Kazi yenyewe si kubwa. Moto uachwe ufe Jumamosi jioni. Asubuhi kamba kuukuu itolewe, na kama ni ya zamani sana isikwanguliwe kikavu wala kupulizwa. Kamba nyingi za zamani zilikuwa za asbesto, na vumbi la asbesto huleta kansa ya mapafu; hiyo aitwe mtu mwenye vifaa vyake na ruhusa. Kama ni ya kioo, mfereji usuguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, gundi ya moto itiwe, kamba mpya ilazwe. Isivutwe, maana kamba iliyovutwa huwa nyembamba na haizibi. Iwe na unene wa mfereji, si ile iliyokuwa rahisi dukani. Ncha zikutane upande wa bawaba, zibanane, zisiache pengo wala zisipandane. Kisha mlango ufungwe polepole uachwe usiku kucha ukauke, na moto wa kwanza uwe mdogo.

Bawaba itiwe grafaiti, ule unga mweusi kama wa penseli, kwa kuwa grisi ya kawaida huungua ikawa gundi. Unga huo huo ukipakwa juu ya kamba huizuia isigande. Mlango ulioinama unyanyuliwe kwa washa chini ya bawaba. Komeo lisogezwe kila kamba inapolala kidogo. Tofali la ndani lililopasuka libadilishwe siku hiyo hiyo, maana kamba mpya kwenye mlango unaoungua ni fedha iliyotupwa. Fundi mmoja na msaidizi wanamaliza kabla ya chakula cha mchana. Na mtu yeyote asije na ujanja wa kuziba bomba la juu ati mvuke usipotee. Boila hii haikujengwa kushika mvuke. Ukiuziba, umetengeneza bomu nyuma ya jiko.

La tatu nimelisikia kwa wenzetu, si kwa wakubwa, nalo laniuma zaidi. Wanasema: chama kidai mshahara, mambo ya mlango wa boila ni ya jikoni. Ndugu, mshahara ndio huu unaozungumzwa! Watu wawili wanatishwa kukatwa mshahara kwa kosa la kipande cha kamba. Wakikatwa hawa nasi tukanyamaza, kesho yatakuwa mataruma yaliyooza tutozwe sisi, kwamba tuliyapiga nyundo vibaya.

Sheria iko, tena si ngumu kusoma. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea pale tu mfanyakazi alipokosa kwa makusudi. Kushuku si makusudi. Lori kutofika wiki ya tatu si ushahidi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, yasema penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Vifaa vya kujikinga ni juu ya mwajiri, bila malipo. Tena mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, yampasa kumwarifu msimamizi wake, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha hapo ikiwa hatari bado ipo. Mwenzetu aliarifu. Alirudishwa. Habari ya mkono wake na zile siku nne ni ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ya 2007 vile vile, na katibu wa tawi anayo fomu.

Kwa hivyo tunadai tangazo lile litolewe ubaoni, na majina ya wale wawili yasafishwe kwa tangazo jingine lenye sahihi ile ile. Tunadai mlango utengenezwe wote, yaani kamba, bawaba, komeo na tofali, si kupigwa waya mpya. Kamba ya akiba na gundi vikae stoo, tena viandikwe katika ile orodha ya karani. Glavu za ngozi na miwani zipewe kila mchochea moto, pamoja na msumeno. Mabati ya pande mbili yaondolewe moshi upate njia. Mlango upimwe kwa karatasi kila mwanzo wa mwezi, mtu wa kamati akiwapo, na matokeo yaandikwe kitabuni. Wakisema wataleta mitambo ya jua badala ya kuni, twasema karibu sana. Lakini mpaka siku itakapofika, mtu atasimama mbele ya mlango huu kesho saa kumi alfajiri.

Wanachama wa kambi nyingine zenye boila au busta ya kuni nawaomba wafanye jambo moja Jumapili hii, moto ukiwa umezimwa. Chukueni karatasi mpime mlango wenu pande zote. Mwandikieni katibu wa tawi lenu: karatasi ilitoka upande gani, kamba ilibadilishwa lini, mlango unafungwa na nini, mchochea moto ana glavu au hana, na kama yuko aliyewahi kuungua au kukatwa mshahara kwa ajili ya kuni. Msiandike jina la aliyeungua bila ruhusa yake. Barua zifike kabla ya mwisho wa mwezi, maana hesabu ya kambi yetu itafungwa siku hiyo.

Ni mimi,
Mtu wa Njia